Chipu ya Miguu Minane

Kila asubuhi, mnara ukishatoa salamu, ramani yote ya bonde la Ilindi iligeuka nyekundu, na sisi tulioketi mbele yake tuliendelea kunywa chai. Mgeni angepiga king'ora. Nyekundu kwetu ni mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inayofuka ardhini na kujaa mabondeni kama maji, ikamlaza mtu usingizi wa kutoamka. Lakini nyekundu ya asubuhi haikuwa mazuku. Watu walikuwa wanaitikia salamu tu, na baada ya muda mfupi rangi ilirudi kijani.

Ilikuwa hivi. Kila anayeshuka bondeni kwenye kakao anavaa kisanduku kifuani. Kinapima hewa, kinamwonyesha namba kwenye skrini, na kinatuma namba hiyo kwetu mnarani kwa redio. Nne ni hewa safi. Ishirini, kimbia. Arobaini, anayekusikiliza ni Mungu. Kisanduku hakina kitufe hata kimoja, maana chipu yake haina mguu wa ziada wa kukibeba. Basi tulipoanza kuwaandikia POLENI NA KAZI kwenye skrini, watu walilalamika: salamu gani hii isiyoitikiwa? Wakagundua wenyewe kwamba ukipuliza pumzi kwenye kipimo, namba inapanda, na mnara unaona. Pumzi moja ikawa hapana, mbili zikawa ndiyo, na pumzi ndefu ikawa kuitikia salamu. Hakuna mhandisi aliyepanga jambo hilo, na mhandisi wa bonde lile ni mimi.

Jioni tuliwaaga kwa skrini hizohizo. Siku moja mwenzetu wa zamu alisinzia akasahau kuwaaga, na mvua ikanyesha. Wazee walisimama kwenye mvua shambani mpaka giza likaingia, visanduku vikiwa mikononi. Tulipowauliza kwa nini hawakuondoka, walitushangaa sisi. Mtu amekuita, mmezungumza, hajakuaga, utaondokaje? Tuliwacheka wiki nzima.

Asubuhi ninayoisimulia nilikuwa nimeinamia kisanduku kibovu, chuma cha kulehemu mkononi, mama Subilaga akiwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake. Mama Subilaga alikuwa mkuu wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na aliyezoea kusikilizwa.

"Mama Sekela," aliniambia, "hiyo redio na hiyo skrini huwezi kuzitenganisha? Juzi yangu iliganda, nikadhani nimekufa."

"Nipatie chipu yenye miguu kumi."

"Nizae?"

Alikuwa na haki ya kutania. Chipu hazizaliwi. Meli zilizozileta ziliacha kuja mimi nikiwa msichana, na tulizonazo tunazing'oa kwenye mashine za kufulia, midoli na mita za umeme za kale. Nyingi zina miguu minane. Miwili inakula umeme, mmoja ni wa kuiamsha ikizubaa, inabaki mitano. Kipimo cha hewa kinachukua mmoja. Redio peke yake inadai minne: wa kupeleka maneno, wa kupokea, wa mapigo ya kwenda pamoja, na wa kuambiwa sasa ni zamu yako. Mitano imekwisha, na skrini bado imesimama mlangoni haina pa kukaa.

Nilichofanya ni kuziweka redio na skrini kwenye nyaya zilezile, kama wake wenza kwenye jiko moja. Ule mguu wa zamu nikaupitisha kwenye transista inayogeuza neno: chipu ikisema ndiyo, redio inasikia na skrini inaziba masikio, ikisema hapana, ni kinyume chake. Mmoja akishika mwiko, mwenzake anangoja. Siku za kawaida wanapokezana haraka hata mvaaji haoni kitu. Lakini mnara una uwezo wa kukiamuru kisanduku kimoja kiseme mfululizo, bila kupokezana. Hapo skrini yake inabaki na maandishi ya mwisho iliyoyapata, iwe ni namba au neno, na haibadiliki hata dunia ikibadilika.

Nilijivunia kazi ile. Ninaijutia pia, na hadithi hii ndiyo inayoeleza kwa nini.

"Hawa wa Kisimani wanasalimia sana leo," mama Subilaga akasema.

Niliinua kichwa. Bonde lote lilikuwa limerudi kijani isipokuwa nukta nne za juu kabisa, kwenye shimo tunaloliita Kisimani. Zile zilibaki nyekundu. Tulingoja namba zake zishuke, kama zilivyoshuka kila siku, na hazikushuka.

Akaweka kikombe chini, akavuta king'ora.

*

Watu wa Ilindi hawaulizi king'ora kinalilia nini. Nukta zilianza kupanda kingo za bonde, na zile nne za Kisimani zikapanda nazo, zikageuka njano, halafu kijani. Nilishusha pumzi. Mama Subilaga hakushusha. Alikuwa ameweka kidole mahali ambapo maji ya Kisimani hupita mvua ikinyesha, maana mazuku hufuata njia ya maji.

Chini ya Kisimani bonde linagawanyika makorongo mawili. Moja ni Korongo la Migomba, la pili ni Korongo la Mawe. Chini ya makorongo yote mawili, kwenye tambarare, ipo shule ya Kabula. Shule ina njia mbili za kupandia mlimani, moja inapita mdomoni mwa Migomba, nyingine mdomoni mwa Mawe. Ukiwatoa watoto kwa njia mbaya unawapeleka kukutana na mazuku uso kwa uso, na mtoto ni mfupi, hewa ile inamfika puani kabla haijamfika mtu mzima kiunoni. Ukiwaacha darasani ni mbaya vilevile. Mnara ulikuwa na waya wa kengele mpaka shuleni: mlio mmoja, njia ya Migomba, milio miwili, njia ya Mawe.

"Yameshika njia ipi?" aliuliza.

"Sijui."

"Nguzo ya kipimo pale njiapanda ya makorongo?"

"Ilikufa mvua za mwaka juzi. Chipu yake umeivaa wewe."

Aliigusa nukta moja ya kijani iliyokuwa bado haijasogea, mdomoni mwa Korongo la Migomba, penye vichanja vya kuanikia kakao. Sikuhitaji kusoma namba ya kisanduku. Vichanja vile mlinzi wake alikuwa babu yake Sekela, baba wa mume wangu. Jina lake silitaji, na hapa pia sitaliandika.

Kwetu mkamwana hasemi na mkwe wake mwanamume. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, na akimkuta njiani anaingia kichakani mpaka apite. Vijana wengi wameliacha jambo hili, lakini katika nyumba niliyoolewa lilishikwa, nami nililishika nikiwa na digrii yangu. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwambia mzee yule neno. Ujumbe ulipita kwa mama mkwe au kwa mtoto. Hivyo ndivyo nilivyosikia kwamba anajigamba kilabuni: hiki kisanduku hakiwezi kunidanganya, kimetengenezwa na mke wa mwanangu.

"Mbona hapandi?" nilisema.

"Mzee anafunika kakao yake kwanza. Na skrini inamwambia nne, haraka ya nini?" Mama Subilaga alivuta kiti akaketi karibu yangu kabisa. "Sikiliza. Ile nukta iko mdomoni mwa Migomba. Namba yake ikipanda, mazuku yako Migomba, watoto watoke kwa Mawe. Ikibaki chini, ni kinyume. Kiamuru kiseme mfululizo, namba za kurukaruka hazitutoshi."

"Skrini yake itaganda."

"Najua."

"Itaganda kwenye nne, mama Subilaga. Ataitazama ataona nne, na ataamini."

"Ndiyo maana atabaki," alisema kwa sauti yake ile ndogo.

Nilimtazama. Sikumwona mtu mbaya. Nilimwona mtu mwenye watoto mia mbili mezani pake, na mmoja wao wangu, darasa la tatu, dirisha la pili kutoka mlangoni. Hilo ndilo lililonitisha. Kwa ajili ya Sekela ningemdanganya hata malaika, nilijijua, na kwa sababu hiyo sikuuamini mkono wangu mwenyewe.

"Tumwambie," nilisema. "Tumwombe."

"Ukimwambia atakimbia. Mimi ningekimbia. Wewe je?"

"Akikimbia ni haki yake."

"Na Sekela ana haki gani?"

Nilijua tu kwamba kisanduku kile nilikijenga kimwambie mtu ukweli kuhusu hewa anayoivuta. Nikikitumia kumdanganya mmoja, kesho hakuna mtu Ilindi atakayeamini namba, naye atakuwa sahihi. Na huyu mmoja alikuwa mzee aliyeniamini bila kuwahi kuisikia sauti yangu.

"Naandika," nilisema. "Kama hutaki, niondoe kwenye kiti."

Hakuniondoa. Alitazama shule kwenye ramani, kisha akasema, "Fupi basi."

Skrini ina mistari miwili, kila mmoja herufi kumi na sita. Mtambo wa mnara hauruhusu ujumbe kutoka bila salamu. Ndivyo mkutano wa kijiji ulivyoamua, kwamba mnara usiwafokee watu kama ng'ombe. Kwanza inakwenda POLENI NA KAZI, halafu inangojwa pumzi, halafu ndipo neno lenyewe. Hatukuwa na muda wa kuitikiana. Kwa ufunguo wa mhandisi niliifuta salamu. Mkono wangu ulisita hapo, nakiri, kuliko mahali pengine popote. Neno la kwanza maishani mwangu kwa mkwe wangu, na halina hata shikamoo.

SKRINI HAIPIMI
TUNAOMBA UBAKI

Nikalituma, na nyuma yake nikatuma amri ya kusema mfululizo. Sasa maandishi yale yalikuwa yamegandia kifuani pake, na yeye hakuwa na namba tena. Macho yake yalikuwa kwetu.

Namba yake ilisimama kwenye nne. Nilimwona mawazoni akikinyanyua kisanduku, akisoma polepole, midomo ikitembea. Nilimwona akitazama chini, kwenye mabati ya shule, ambayo kutoka vichanjani yanaonekana vizuri.

Nne. Tisa. Nne.

"Hapana," mama Subilaga alinong'ona. Pumzi moja.

Tisa. Nne.

Pumzi mbili, ndiyo. Nililia palepale, bila aibu, huku nikitazama ramani.

*

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko nilivyofikiri. Kisanduku kilisema nne, nne, nne, na kila nne niliipenda kwa ajili yake na kuiogopa kwa ajili ya watoto, maana ikiendelea hivyo ingebidi tuamue kwa kukosa habari. Mwalimu mkuu wa Kabula alikuwa ameshawapanga mistari uwanjani. Tulijua hivyo kwa kuwa alitubonyezea kengele: tuko tayari, tupite wapi?

Saba.

"Ni mazuku?" mama Subilaga aliuliza.

Tano. Nane. Sita.

"Ni pumzi. Amekishika karibu na uso."

Bila shaka alikishika karibu na uso. Ndiyo njia ya kusoma, na alikuwa anangoja neno lingine. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimefuta salamu kuokoa muda, na kwa haraka hiyohiyo sikumwambia abaki mpaka lini. Mtu mwingine angesikia kichwa kinauma, magoti yanalegea, akasema nimebaki vya kutosha. Mzee huyu alikuwa mmoja wa wale waliosimama kwenye mvua. Ameitwa, ameitika, hajaagwa.

Kumi na moja. Tisa. Kumi na mbili. Kumi.

"Nimuage," nilisema.

"Ngoja. Inaweza bado kuwa pumzi zake."

"Haendi bila kuagwa. Unawajua."

"Nawajua. Ukimuaga sasa kisanduku kinanyamaza kisikilize, na kikisema tena ameshaondoka pale mdomoni. Nitapiga kengele ipi, mama Sekela? Niambie wewe, nipige ipi?"

Mwalimu mkuu alibonyeza tena.

Kwenye ramani namba zilipanda na kushuka, zikapanda zaidi na kushuka kidogo, kama mtu anayepanda ngazi huku anachechemea. Yale mashimo kati ya namba na namba yalikuwa pumzi za mzee. Kama ni pumzi tu, zingerudi karibu na nne. Hazikuwa zinarudi. Lakini mazuku nayo hupita kama wimbi dogo, yakagusa mdomo wa korongo na kwenda zake upande wa pili. Tumewahi kuliona hilo. Kumi na nne. Kumi na tatu. Ilihitajika namba isiyoshuka. Vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi, neno nimeshaliandika, limebaki kutumwa tu.

Nilisubiri.

Hakuna aliyenishika mkono. Mama Subilaga hakuniamuru mara ya pili. Niliketi nikasubiri, nikimtazama mtu akivuta hewa mbaya kwa sababu nilimwomba, na nilijiambia namba moja tu zaidi, halafu nikajiambia tena.

Kumi na saba. Kumi na saba. Ishirini na moja. Ishirini na nne. Haikushuka.

"Migomba," alisema mama Subilaga, na akapiga kengele mara mbili.

Neno langu lilikuwa limeshatoka.

HAYA BABA NENDA

Pumzi ya kuitikia haikuja. Kisanduku kilirudi kikasema ishirini na sita, na nukta ikasogea kidogo kuelekea ukingo wa juu. Ikasogea tena. Halafu ikasimama, na namba zikanyooka, ishirini na tisa, ishirini na tisa, bila mashimo ya pumzi katikati.

Vijana wa uokoaji wenye mitungi ya hewa walikuwa wameshaanza kushuka. Niliwaelekeza kwa redio nukta ilipo, sauti yangu ikiwa imetulia kabisa, sijui nilikuwa nimeitoa wapi.

*

Watoto wote wa Kabula walipanda kwa njia ya Mawe. Sekela alifika juu ameshika viatu mkononi ili visichafuke, na alinikemea kwa kumkumbatia mbele ya wenzake.

Babu yake alitolewa akiwa hai. Walimkuta amelala kifudifudi kwenye mteremko, kichwa upande wa juu, kisanduku kimebanwa mkononi. Hospitali wakasema ubongo ulikosa hewa kwa muda. Alirudi nyumbani anatembea, anakula, anamtambua kila mtu. Ila hasemi. Zamani alikuwa hasemi na mimi kwa desturi, sasa hasemi na yeyote. Mume wangu hajaniuliza kitu. Nilimweleza yote mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho, akatoka nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Mama Subilaga anasema watoto mia mbili. Anasema kweli, na mimi namwambia ndiyo. Kisha naiona kumi na nne, naiona kumi na tatu, na vidole vyangu juu ya herufi.

Nimekibadilisha kisanduku. Sasa ukikiamuru kiseme mfululizo, skrini inajifuta yenyewe na kuandika SKRINI HAIPIMI, na mnara hauna uwezo wa kuizuia. Kijiji kilipitisha bila kupinga. Miguu bado ni minane.

Cha kwanza kukitengeneza hivyo nilimpelekea yeye, kwa mkono wa mama mkwe, ingawa hashuki tena bondeni. Nilidhani atakitundika ukutani.

Wiki hiyohiyo, jioni, tulipokuwa tumeshawaaga wa mashambani na tunafunga mnara, mama mkwe alipanda ngazi. Hajawahi kufika kule juu. Aliketi kwenye kiti cha zamu, akapumzika kwanza, tukasalimiana, akauliza habari za nyumbani na mimi nikauliza habari za nyumbani, zote nzuri. Kisha ndipo akasema.

"Mwanangu, mzee hataki kulala. Leo siku ya tatu. Anakaa na kile kidude mkononi anakitazama, nikimwambia twende ndani anakataa kwa kichwa. Naona kuna mtu alimwita."

"Mama, nilishamuaga. Siku ileile."

"Hakusoma, alikuwa ameshalewa ile hewa," alisema. "Angekuwa amesoma angeitika. Wewe humjui mzee yule?"

Niliwasha mtambo upya. Nilitafuta nukta yake, peke yake kwenye ramani, nyumbani, kijani, nne. Safari hii sikufuta salamu. Niliandika SHIKAMOO BABA nikangoja, mama mkwe akiwa amesimama nyuma ya bega langu, na namba ikapanda polepole mpaka tisa, ikakaa hapo kwa pumzi ndefu ya mtu mzima, ikashuka.

Ndipo nikamwandikia aende akalale, ahsante, kazi imekwisha. Pumzi mbili zikaja. Mama mkwe alifunga khanga yake akateremka ngazi kumwahi, na tangu hapo kila jioni namuaga wa kwanza, kabla ya bonde zima.